Kura ya Kwantiki kwenye Kilima cha Jacob

Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilijua kila kitu isipokuwa kulima, kupika na kunyamaza. Katika yote niliyoyajua, nililojivunia zaidi ni lile ambalo, kwa maoni yangu, hakuna mtu mwingine aliyelijua kuanzia Beni hadi Lubero: kuandika programu za kompyuta ya kwantiki. Kompyuta ya kwantiki sikuwa nayo. Hata ya kawaida sikuwa nayo. Nilitumia ile ya rafiki yangu Grady, fundi wa simu, iliyokosa vitufe viwili na kuzimika kila ukiinyanyua mezani. Lakini fahari haihitaji betri.

Nilianza kujifunza Beni, katika kibanda cha Grady. Yeye alikuwa akipakua nyimbo na mechi za mpira na kuwawekea wateja kwenye kadi za simu. Siku moja, kwa kubonyeza vibaya, akapakua masomo ya Kifaransa ya bwana mmoja aliyesimama mbele ya ubao. Grady alitaka kuyafuta ili nyimbo zipate nafasi. Nikamzuia. Bwana wa ubao alikuwa amesema tangu dakika ya kwanza kwamba ni watu wachache duniani wanaoelewa mambo haya, na mimi nikisikia neno "wachache" hudhani ninaitwa.

Somo la kwanza lilinishinda kwa sababu ya sarafu. Bwana yule alisema, "Chukua sarafu, izungushe mezani." Kongo nzima haina sarafu, tuna noti zilizochoka, na noti haizunguki. Nikatumia kifuniko cha chupa ya bia. Kikiwa kinazunguka, huwezi kusema kimelala chali wala kifudifudi. Ukikipiga kwa kiganja, kinakuwa upande mmoja, na hakuna aliye hai awezaye kukuambia mapema ni upande gani. Hiyo ndiyo kyubiti, punje ya kompyuta ya kwantiki. Bwana wa ubao angesema kwamba mfano wangu una makosa mengi. Lakini hakuwa Beni, na mimi nilikuwepo, tena nikiongea kwa sauti kubwa.

Milango ya hesabu, yaani hatua zinazoigeuza kyubiti, niliikariri kwa mashairi. Nimetunga tangu nikiwa na miaka kumi na minne, bila mwalimu, na nilikuwa nikiwaonea huruma wote waliokuwa naye. Wateja wa Grady walikuja kubadilisha kioo cha simu na kuondoka na ubeti huu masikioni, wapende wasipende:

Ewe lango nizungushe, nizunguke nisitue,
Sifuri na moja ndani, mtu asitubague,
Jicho la mtu likija, likitaka linijue,
Hapo ndipo nianguke, upande niuchukue.

Ubeti huo uliniokoa mara moja tu. Vita vilipokaribia Mangina, mama yangu aliacha shamba lake huko akanifuata Beni. Kisha Beni nayo ikawa haikaliki, tukashuka Butembo sote, Grady akiwa pamoja nasi. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi alikuta mfukoni mwangu karatasi zenye mistari sambamba na visanduku vyenye herufi. Ilikuwa michoro ya programu zangu. Yeye aliona ramani ya kambi.

"Hii X njo nini? Njo pahali ya kupiga?"

Nikamweleza kuhusu lango la X. Nikamweleza kuhusu lango la H. Alipozidi kukasirika, nikasimama wima nikamkariria ubeti mzima, mkono mmoja hewani. Akamtazama mwenzake kwa muda mrefu.

"Mwasi hapana iko na wakati ya kupoteza namna hii," akasema. "Enda, petit. Enda mbele."

Nililihesabu hilo kuwa ushindi wa fasihi.

Butembo tulipewa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya binamu wa mama. Mama yangu, Berthe, hajui kuishi bila udongo. Alipanda vitunguu kwenye mabeseni yaliyopasuka. Aling'oa magugu kwenye maua ya majirani bila kuombwa, na alipomaliza maua aling'oa na nyasi za kando ya mfereji. Jioni alikaa na mikono mapajani kama mtu aliyeweka kitu mahali na kukisahau.

Ndipo mfanyabiashara mmoja mzee, Jacob, akakubali kuwaazima wakimbizi kilima chake nje ya mji. Kilipimwa vipande ishirini kwa ajili ya kaya ishirini. Kipande cha kwanza kilikuwa bondeni, kando ya kijito, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini. Kadiri ulivyopanda, ndivyo udongo ulivyopungua, na huko juu kabisa vilikuwa vipande vya mawe tu. Mama alikwenda kuviona mara moja. Aliporudi alisema neno moja: "Bondeni." Kisha akaosha jembe lililokuwa safi.

Kamati ya wakimbizi iliongozwa na Apollinaire, mtu mnene mwenye subira, aliyekuwa amechoka kutukanwa. Mwezi uliotangulia aligawa maturubai kwa vikaratasi ndani ya kofia, na kwa bahati isiyoelezeka binamu zake wote walipata yale mapya. Sasa kila akigusa kofia yake watu walizomea, hata alipoivaa kwa ajili ya jua.

Katika mkutano niliomba neno.

"Président," nilisema, "kofia ina mkono ndani yake. Mimi ninaleta kura isiyo na mkono. Itapigwa na kompyuta ya kwantiki."

"Na hiyo mashini iko wapi?" aliuliza Kavuo, mama wa watoto sita aliyetoka upande wa Beni. Sauti yake ilitosha soko zima.

"Iko ng'ambo, mama Kavuo, tunaifikia kwa mtandao. Inatunzwa kwenye baridi kali, kali kuliko ya Lubero."

"Baridi ya kupita Lubero hapana iko," alisema mzee Zorobabel, aliyezaliwa Lubero, na robo ya mkutano ikaishia kwenye hoja hiyo.

Nikazungusha kifuniko cha chupa mezani. Nikakipiga kwa kiganja. Nikasema kwamba namba ambazo simu hubahatisha ni hesabu iliyojificha, kura ya kofia ni vidole vilivyojificha, lakini hii ni bahati tupu inayotoka kwenye shina la maumbile, wala mfalme, wala jenerali, wala président wa kamati hawezi kuipindisha. Nilisema maneno hayo nikimtazama Apollinaire. Yeye, badala ya kukasirika, alinipa mkono kwa haraka ya mtu anayekabidhi mzigo.

"Sawa, kijana. Fanya. Mimi nimemaliza na kofia."

Hivyo nikawa na kazi. Kaya zilipewa namba kwa kufuata nani aliwahi kufika siku ya kujiandikisha. Mama, anayeamka kabla ya jogoo, alipata namba mbili. Waliolala upande wa barabara ya Beni walikuta vizuizi vimefungwa, wakafika mwisho: Kavuo alikuwa namba kumi na nane. Mimi niliandika programu. Nilitumia kyubiti tano, kwa kuwa nne zinakupa namba kumi na sita tu na hazitoshi kaya ishirini. Tano zinakupa kuanzia moja hadi thelathini na mbili. Nikiwa nimesimama, kama ninavyotunga mashairi, nikapata mstari mmoja wa kumalizia hesabu, mzuri, mfupi, uliokaa kama kituo cha ubeti. Niliupenda mstari ule hata nikamsomea Grady mara tatu.

"Iko muzuri," alisema Grady, akifukuza vumbi kwenye simu ya mtu. "Mais unajua kama si miye njo natafuta shamba?"

Siku ya kura ilikuwa Jumapili baada ya misa, katika darasa la shule moja. Ufunguo wa darasa alikuwa nao madame Élise, mwalimu wa hesabu aliyetumwa na serikali kutoka Kikwit. Alikaa dawati la nyuma akisahihisha mitihani, akingoja tuondoke afunge mlango. Watu walijaa hadi madirishani. Grady alisimama juu ya kiti karibu na dirisha, simu ameiinua juu kwa mkono mmoja, maana mtandao ulipatikana hapo tu. Niliomba mashine namba mia moja kwa mpigo mmoja, nami ningezisoma moja baada ya nyingine kuanzia juu, nikiruka kaya iliyokwisha kupata: ya kwanza inachukua kipande cha bondeni, ya pili kinachofuata, na kuendelea hadi mawe.

Nikatuma. Kompyuta ikajibu kwamba tuko kwenye foleni.

"Hata kule kuko foleni?" aliuliza Kavuo. "Na nani iko mbele yetu?"

"Wataalamu wa dunia nzima, mama."

"Nabo banatafuta mashamba?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kicheko cha mtu mkubwa anayewavumilia wadogo. Grady alibadilisha mkono. Mzee Zorobabel akalala. Hatimaye namba zikaja, safu ndefu, nami nikajikohoza.

"Kipande cha kwanza," nilisema, nikanyamaza kidogo ili dunia ijipange. "Namba mbili!"

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimwona mama, shingo imenyooka, mikono miwili imefunika mdomo. Hapo ndipo na mimi nikakumbuka namba mbili ni nani.

"Ehee!" alisema Kavuo, akisimama polepole. "Bahati tupu!"

"Mama Kavuo, nakuapia..."

"Kutoka shina ya maumbile! Kumbe shina yenyewe njo mama yako!"

Darasa likalipuka. Mmoja alisema heri kofia, kofia angalau unaiona. Mwingine alisema binamu za Apollinaire ni malaika. Apollinaire mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, alikuwa akitabasamu kwa amani.

Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikapanda juu ya dawati.

"Mnaniita mwizi?" nilifoka. "Mimi? Sina mkono kwenye kura hii! Nitawasomea programu yangu, mstari kwa mstari, mbele ya kila mtu!"

Na nikaisoma. Kyubiti tano. Lango la H kwa kila moja. Kupima. Nilitafsiri kila neno. Nilipofika kwenye mstari wangu mpendwa nilipunguza mwendo, kama msomaji anayejua wapi wasikilizaji watalia.

"Namba ikizidi ishirini," nilisema, "tunaipunguzia ishirini. Hivyo hakuna namba inayopotea. Hakuna inayotupwa."

"Boye te, si hivyo," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa madame Élise. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Pardon. Rudia hapo. Mashine inatoa hadi thelathini na mbili?"

"Ndiyo, madame."

"Na kaya ziko ishirini. Ile kumi na mbili ya juu, inarudi kwa nani?"

"Inarudi mwanzo, madame. Ishirini na moja ni namba moja, ishirini na mbili ni namba mbili, na kuendelea hadi..."

Nilijisikia nikisema "kumi na mbili", na sauti yangu ikafifia kabla neno halijaisha.

"Namba mbili anaingia kwa mbili, na tena kwa ishirini na mbili," alisema. "Namba kumi na nane anaingia kwa kumi na nane. Basi."

Kavuo hakuhitaji ubao. "Donc, bale ba mbele beko na milango mbili, siye ba nyuma mulango moja."

"Njo vile," alisema madame Élise. Akaja mbele, akainamia kompyuta bila kuinyanyua, nampongeza kwa hilo. "Namba ya kwanza kabisa, hapa juu. Soma vile iko."

Nikasoma. "Ishirini na mbili."

"Tuko na kaya ya ishirini na mbili hapa ndani?"

Mashine haikuwa imesema mbili. Yenyewe, ng'ambo kwenye baridi yake, ilikuwa safi kama mtoto mchanga. Aliyesema mbili ni mimi.

Nilishuka kwenye dawati. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, hasa dawati likiwa bovu na watu mia wakikutazama magoti.

Nje jua lilikuwa limeanza kushuka, na watu wa mbali walikuwa na kizuizi cha kupita kabla ya amri ya kutotembea usiku. Apollinaire akainua mikono.

"Batu ya Mungu, tusilale hapa. Ile kanuni iliandikwa kabla ya kura, kweli ao hapana? Kweli. Hakuna mutu aliiba. Donc naweza kusema imepita." Akanigeukia. "Mais miye sijui kwantiki. Weye njo ingénieur. Niambie neno moja: ile kura iko muzuri ao iko mubaya?"

Kwenye kioo niliona safu nzima. Chini ya ishirini na mbili palikuwa na kumi na moja. Chini yake nne, kisha thelathini, kisha kumi na sita. Nilitafuta namba mbili kwa macho nikishuka, nikishuka, sikuiona. Nikamtazama mama. Hakutikisa kichwa, wala hakukunja uso. Mikono ilikuwa imeshuka mdomoni na sasa ilikuwa imeshikana tumboni, kidole gumba kikisugua kiganja, kama anayepima udongo.

Neno "nzuri" lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa neno fupi, na lingempa mama bonde. Ningependa kusema kwamba haki ndiyo iliyonizuia, au kwamba niliwaona watoto wa Kavuo. Hapana. Niliuona ule mstari wangu, mbovu, ukibeba jina langu mbele ya mwalimu wa hesabu, na sikuweza kustahimili. Mshairi anaweza kuwa maskini, anaweza kuwa mkimbizi, lakini hawezi kuacha mstari wenye kosa.

"Mbaya," nilisema.

Nikaufuta mstari. Tukazisoma namba zile zile tangu juu, madame Élise akinyooshea kidole, na kila iliyozidi ishirini ikatupwa. Ishirini na mbili, ikatupwa. Kumi na moja: bonde likaenda kwa mzee Zorobabel, ambaye ilibidi atikiswe bega, na alipoamka alidhani anafukuzwa. Kavuo alipata kipande cha saba, ambacho si kibaya. Majina yaliendelea kupanda kilima. Baada ya kila namba nilisema moyoni sasa, sasa, na kipande cha kumi na nane kilipoondoka sikusema tena. Mama alipata cha kumi na tisa.

Hapo ndipo walipopiga makofi.

"Sasa inasema kweli!" mtu alipiga kelele. "Imemuangusha mama yake mwenyewe!"

Walinishika mabega, walinipiga mgongoni. Kavuo alinikumbatia hadi miguu ikaacha sakafu. "Miye nilikutukana, mwanangu. Wasingya, asante. Mutu anafanyia mama yake mabaya namna hii, hawezi kuwa mwizi." Apollinaire alinishukuru kwa niaba ya kamati. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote katika maisha yangu ya sayansi. Katikati ya kelele zile nilimwona mama akifunga kitenge chake upya, akitoka mlangoni peke yake.

Nilimkuta barabarani. Nikaanza kutembea kando yake.

"Mama," nilisema, "laiti mashine ingeitoa namba yako mapema kidogo..."

"Niliona."

"Ilikuwa bahati tupu, mama. Safari hii ilikuwa tupu kabisa."

"Valère." Hakupunguza mwendo. "Ule wa kusema iko mubaya alikuwa weye ao mashini?"

"Mimi."

"Kama ni weye, basi." Tukapita nyumba mbili, tatu. "Ungeniuliza kabla ya kusema, ningekukataza. Na leo usiku ningeona haya. Ni vizuri haukuniuliza." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Ile mashini inajua kutoa mawe?"

"Hapana, mama."

"Na ule rafiki yako wa simu?"

"Ana mgongo mbaya."

"Weye uko na mugongo ya namna gani?"

Siku iliyofuata nikapanda kilima cha Jacob na nyundo, sululu na ndoo. Ninaweza kuripoti kwamba jiwe ni kitu kilichoamua. Halizunguki, haliko huku na kule, halingoji jicho la mtu. Kufikia saa sita mikono yangu ilikuwa na malengelenge, na tulikuwa tumesafisha sehemu isiyozidi kitanda. Mama alipanda mihogo pale pale, kabla hatujaendelea, kana kwamba mtu angekuja kutunyang'anya. Maji nilichota kijitoni, kwenye kipande cha mzee Zorobabel, ambaye alinikaribisha kila safari kwa maneno yale yale: "Ingénieur! Baridi ya kupita Lubero hapana iko!" Nilikuwa nimelowa jasho, sikubisha.

Jina langu lilikuwa limesambaa. Ijumaa ile watu wawili kutoka kamati nyingine, waliovaa makoti, walifika chini ya kilima wakasimama wakiangalia juu, mikono juu ya macho.

"Tunatafuta ule mutu wa mashini!" mmoja aliita. "Ule wa kura ya haki! Tuko na maturubai ya kugawa!"

Niliweka nyundo chini. Nilijipangusa uso. Nilikuwa tayari nimeinua mkono mmoja hewani na nimevuta pumzi.

"Yuko na kazi," mama alijibu kutoka nyuma yangu, bila kuinua mgongo. "Mumungoje pale chini kwa maji. Na mukipanda, kila mutu ashuke na jiwe moja."

Walitazamana. Kisha wakaanza kukunja mikono ya makoti.